Kutafuta karatasi za talaka kortini: masjala ya hapa Uganda na korti ya kaunti Marekani, nilivyoziona zote mbili

Nyota nazitoa mwanzo kabisa ili mwenye haraka asihangaike kusoma yote. Masjala ya korti moja hapa mashariki mwa Uganda nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ni ya karani mmoja, mama mtu mzima, ambaye ntamweleza. Korti ya kaunti kule Massachusetts, Marekani, nawapa nne na nusu. Mabroka wanaokaa nje ya geti la korti nawapa sifuri. Zile tovuti zinazouza rekodi za talaka za Marekani kwa kadi ya benki nazo sifuri.

Kisa chenyewe ni kaka yangu mkubwa anaoa tena. Mke wake wa kwanza waliachana kortini mwaka 2009, na huyu wifi yangu mpya amekaa Waltham miaka mingi, akaolewa kule na akaachika kule kule. Waltham ni mji mdogo karibu na Boston, Waganda wamejaa huko mpaka ukiongea Luganda dukani kuna mtu atageuka. Basi wamependana watu wazima, wakaamua kufunga ndoa ya serikali, wakaenda kwa msajili, na swali lililowarudisha nyumbani lilikuwa moja tu: kila mmoja wenu alishakuwa na ndoa, haya, karatasi ya talaka iko wapi. Barua ya LC, wale viongozi wa mtaa, haitoshi, barua ya ukoo haitoshi, kusema kila mtu anajua tuliachana haitoshi. Wanataka karatasi ya korti yenye muhuri, na iwe ile ya mwisho, hiyo neno "ya mwisho" ishike kichwani maana ndo iliyotusumbua.

Kazi ikaniangukia mimi. Kaka anaendesha lori, leo yuko Malaba kesho yuko Juba, na wifi alivyokaa nje muda mrefu hata hajui siku hizi ofisi gani iko wapi. Mi nina duka la vitenge, naweza kufunga asubuhi nikafungua mchana.

Kwanza niseme kitu ambacho watu wengi wanakosea hapa kwetu, wanadhani kuna ofisi moja kubwa Kampala yenye talaka zote za nchi. Hamna. URSB, ofisi ya serikali ya usajili, wanasajili ndoa, NIRA wanashughulika na vitambulisho na vizazi na vifo, lakini faili ya talaka inakaa kwenye korti ileile iliyovunja ndoa. Na korti zenyewe ziko aina mbili, sheria yetu ya talaka inasema kama wahusika wote ni Waafrika kesi inaweza kusikilizwa na majistreti wa gredi ya kwanza au chifu majistreti, na zingine zote zinaenda Hai Korti. Kwa hiyo kabla hujapanda taksi muulize vizuri mwenye talaka: ilikuwa mji gani, jengo gani, na aliyeamua alikuwa majistreti au jaji. Kaka yeye alikumbuka mji na mwaka, namba ya kesi hakuwa nayo, karatasi zake alisema zilikuwa kwenye sanduku nyumba ya zamani na mchwa walishazimaliza.

Halafu kuna talaka ambazo hutazikuta kortini hata ukikesha. Za Waislamu zina sheria yao na zinasajiliwa kivyake, na ilitakiwa zisajiliwe ndani ya mwezi mmoja tangu talaka itolewe, kwa hiyo ukianzia masjala ya majistreti unapoteza nauli bure, anzia kwa kadhi aliyehusika. Na zile za kimila, wazee walikaa, ng'ombe wakarudi, mambo yakaisha, hiyo haina faili ya korti. Isitoshe tangu Agosti 2015 korti ya juu kabisa ya nchi, Supreme Court, ilishasema kumlazimisha mwanamke arudishe mahari ili aachike ni kinyume cha katiba. Dada zangu hiyo ijueni, bado kuna familia zinamfungia mtu kwa sababu ya mbuzi.

Sasa korti yenyewe. Pale getini askari anakagua mkoba na kuuliza unaenda wapi. Kiswahili kilinifaa hapo, polisi wengi Uganda ndo lugha yao ya kazini, akaniambia wazi, "Dada, hao waliokaa chini ya mwembe usiwasikilize, pita ndani uliza masjala." Lakini hao wa mwembe walikuwa wameshaniona. Wamevaa mashati safi, wameshika mafaili kwapani, mmoja akanifuata akaniita mama, akasema yeye ndo anajua karani wa ndani, nimpe laki tatu na jioni hiyo hiyo karatasi ya talaka naipata mkononi. Nikamuuliza, unajua hata jina la mtu mwenye kesi? Akasema jina ntampa yeye ataweka. Ataweka! Hiyo karatasi ukiipeleka kwa msajili wa ndoa, akiandikia korti kuuliza kama kesi namba hiyo ipo kwenye kitabu, hapo si ndoa tena mnayozungumza, mnazungumza polisi. Na wale wanaosema watakuchapia Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji Kampala, ni haohao tu, tafadhali msiende.

Kitu cha pili kuhusu pesa, na hiki nakisema kwa herufi kubwa kama ningeweza: dirishani korti haipokei pesa mkononi. Ada za korti unalipia kwa PRN, yaani namba ya malipo, wanakutolea kwenye mfumo wa URA, mamlaka ya kodi, unaenda kulipa benki au kwa simu kwa mobile money, unarudi na risiti. Ada yenyewe ya kopi yenye muhuri ni ndogo, tena ndogo mno ukiweka karibu na laki tatu za chini ya mwembe. Mtu yeyote anayekwambia "lete kashi mimi ntalipa" hata kama amevaa kitambulisho shingoni, mwambie akupe PRN.

Masjala ni chumba kirefu chembamba, dirisha moja, kaunta ya mbao imelainika kwa viwiko vya watu. Mafaili yamefungwa kwa kamba za katani, mengine kwenye rafu mengine sakafuni, na mengi ni ya ardhi kama mnavyojua kwetu. Vijana wawili walikuwa na kompyuta. Mmoja akauliza kesi ya mwaka gani, nikasema 2009, akatikisa kichwa, akanieleza kwamba ule mfumo wa kesi kwa kompyuta, ECCMIS, ulianza Machi 2022, ya nyuma ya hapo yako kwenye vitabu. Halafu akaniambia nirudi kesho. Kesho nikarudi, akaniambia mwenye ufunguo wa stoo hayupo. Ndo hapo nyota moja ilipoanguka, si kwa sababu ufunguo haukuwepo, watu wanaumwa, watu wana msiba, lakini kwa sababu hakuna aliyeandika mahali popote kwamba huyu mama alikuja anatafuta kitu fulani, kila ukirudi unaanza upya na mtu mwingine, unaeleza talaka ya ndugu yako mbele ya foleni nzima. Talaka ni jambo la aibu kwa watu wengi, si bei ya sukari. Wangekuwa na kikaratasi tu cha kujaza, jina, mwaka, unachotaka, mtu akabidhi kimya kimya, ingesaidia sana. Na ukutani hakuna bango la ada wala la utaratibu. Kuna kalenda.

Kilichobadilisha kila kitu ni yule mama karani. Nilimkuta siku vijana hawapo, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, akaniambia, "Mwanangu, keti, usinieleze umesimama." Akatoa kitabu cha rejista cha 2009, jalada jekundu limeshikwa kwa selotepu, kurasa zimechorwa mistari kwa rula: namba, tarehe, aliyefungua kesi, aliyeshtakiwa, majistreti, matokeo. Akaanza Januari anashuka na kidole. Hakuna. Akarudia toka mwanzo. Hakuna. Akavua miwani akaniuliza, "Nani alifungua kesi, kaka yako au mkewe?" Mkewe. "Basi kwa nini tunamtafuta yeye upande wa kushoto." Akahamia safu ya pili. Bado hakuna. Akaniuliza nyie watu wa wapi, nikamwambia babu alitoka Busoga, akacheka kidogo akasema ngoja, akaanza kutafuta jina letu kwa R. Jina letu linaanza na L. Na kweli likatokea, mwezi wa nne, limeandikwa kwa R na kalamu ya bluu, kwa sababu aliyeandika siku ile aliandika alivyosikia.

Haya mambo mawili ndo ningependa kila mtu anayeenda masjala ayabebe. Jina la kwanza kwenye kesi ni la aliyefungua, kwa hiyo kama ndugu yako ndiye aliyeshtakiwa usimtafute mbele. Na L na R kwetu zinabadilishana sana kwenye karatasi za zamani, jaribu zote mbili, jaribu na jina la dini likiwa mbele na likiwa nyuma. Baada ya hapo jina la kwenye faili likitofautiana na la kwenye Ndaga Muntu, kitambulisho cha taifa, unahitaji hati ya kiapo kueleza kwamba huyu na yule ni mtu mmoja, unaapa mbele ya kamishna wa viapo, usisubiri mpaka msajili wa ndoa akuulize.

Namba ikipatikana, kazi iliyobaki ni ya kawaida. Unaandika barua kwa korti, unataja namba ya kesi, majina yote mawili kama yalivyoandikwa kwenye rejista hata kama yamekosewa, tarehe ya uamuzi kama unaijua, unachotaka ni kopi iliyothibitishwa ya dikrii, yaani amri ya korti ya kuvunja ndoa, na sababu. Unaambatanisha kopi ya kitambulisho, na kama unamwakilisha mtu kama mimi, barua yake ya kukutuma yenye saini. Tengeneza kopi mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea ubaki nayo. Hiyo iliyogongwa muhuri ndo silaha yako, ukirudi huelezi tena chochote, unaonyesha.

Faili likatoka stoo, limejaa vumbi, mama akalipangusa kwa kanga yake. Akafungua, akasoma, akanyamaza. Akanigeuzia nione. Ndani kulikuwa na dikrii moja tu, dikrii nisi.

Nieleze hapa polepole kwa sababu hili si la kaka peke yake, mama aliniambia yako mengi namna hiyo kwenye rafu zile. Sheria yetu inavunja ndoa kwa hatua mbili. Siku ya hukumu korti ikikubali inatoa dikrii nisi, na hiyo bado haijamaliza ndoa. Inapita miezi isiyopungua 6, muda ambao mtu mwenye sababu anaweza kuja kupinga, na baada ya hapo ndo inatolewa dikrii absoluti, na ndoa inakufa siku hiyo. Lakini hapa kwetu mtu anatakiwa arudi kuiomba. Watu wakitoka kortini siku ya kwanza wanapeana mkono, wanagawana masufuria, wanaenda zao, hakuna anayerudi. Kaka yangu miaka yote hiyo kwenye sheria alikuwa bado mume wa mtu. Angefunga ndoa mpya hivyo hivyo, ndoa ingekuwa batili na kuoa ukiwa na ndoa hai ni kosa la jinai Uganda, kifungo kinafika miaka 5. Nilitetemeka pale kaunta.

Kaka nilimpigia akiwa Tororo, akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akafanya kitu nilichompendea, alimpigia mwenyewe wifi wangu wa zamani. Na yule naye akashangaa kuliko sisi, maana ana mtu wake sasa na watoto, naye hakujua. Kwa kuwa yeye ndiye aliyefungua kesi, alikuja mwenyewe kuomba dikrii absoluti, akapanda basi, tukakaa naye kwenye benchi la korti tunakula chapati mayai tunaongea habari za watoto. Wanasheria wa msaada wa bure walituandikia maombi vizuri, na hapa niwataje kwa shukrani mashirika kama FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, na Justice Centres Uganda, mwanamke au mtu asiye na uwezo anayehitaji msaada wa kesi za familia awatafute kabla hajauza kitu. FIDA haohao ndo walioenda Korti ya Katiba, na Machi 2004 ile sheria ya kumtaka mwanamke athibitishe mambo mengi kuliko mwanaume ili apewe talaka ikafutwa. Zamani mume uzinzi wa mke ulimtosha, mke yeye ilibidi aongeze na ukatili au kutelekezwa juu ya uzinzi. Mama karani alinionyesha faili moja la zamani, jalada tu bila majina, akasema "hizi za zamani wanawake walikuwa wanaandika kurasa nyingi."

Majistreti wa 2009 alishahamishwa zamani, wa sasa akapitia faili akasaini. Ikachukua wiki kadhaa. Na hapa lazima niwe mkweli kwao, tangu barua ipokelewe na kugongwa muhuri hakuna mtu aliyeniomba hata soda. Kopi niliyopewa ina muhuri wa korti kila ukurasa, saini, tarehe ya kuthibitishwa, na namba ya kesi ileile iliyoko kwenye rejista. Uliza kila ukurasa ugongwe, kuna mwenzangu pale benchi aligongewa ukurasa wa mwisho tu na akarudishwa huko alikopeleka.

Sasa upande wa wifi. Hapo nilitegemea mateso na haikuwa hivyo. Massachusetts talaka zote zinakaa kwenye korti ya mirathi na familia ya kaunti ulikoachikia, jimbo lina kaunti 14, Waltham iko kaunti ya Middlesex. Ofisi ya jimbo ya vizazi na vifo haitoi cheti cha talaka, lazima korti. Wanayo rekodi ya kesi kwenye intaneti unayoweza kutafuta kwa jina, nilikaa dukani na simu yangu ya kawaida nikaandika jina la wifi na nikaiona kesi yake ya 2014. Namba zao zina mtindo wake, inaanza na MI ya Middlesex, halafu 14 ya mwaka, halafu D na tarakimu, mwisho DR. Nikaipiga picha nikamtumia wifi, akalia kidogo, akasema hakujua kwamba maisha yake yako pale mtu yeyote anaona. Karatasi za mambo ya pesa zinawekwa pembeni haziko wazi kwa kila mtu, hilo lilimtuliza.

Na nilishangaa kwamba kule pia wana nisi na absoluti, mambo yote mawili ya sheria ya zamani ya Waingereza tuliyorithi wote. Ila kwao ni siku 90 na baada ya hapo inakuwa absoluti yenyewe, hakuna mtu wa kurudi kuomba. Nimeliwaza sana hili. Sheria mbili za babu mmoja, huku kwetu mtu asipojua anabaki amefungwa miaka na miaka, kule kalenda inamfungulia. Hilo ningependa wabunge wetu waliangalie, wala halihitaji pesa yoyote.

Rafiki yake wifi aliyeko Waltham ndiye aliyeenda kaunta, akiwa na namba ya kesi, majina na mwaka, akaomba cheti cha talaka absoluti, akalipa, akakabidhiwa. Karatasi moja tu. Ina muhuri wa kubonyezwa, si wa wino, ukipitisha kidole unausikia, kwa hiyo msiifanyie lamineti jamani, ukiiweka plastiki muhuri hauonekani tena. Wasio na mtu huko wanaweza kuomba kwa posta, barua yenye namba ya kesi, malipo, na bahasha yenye anwani yako. Kutoka Kampala malipo ndo kazi, kwa hiyo tafuta ndugu. Waganda hatukosi ndugu Boston.

Nusu nyota niliyokata siyo ya kaunta, ni ya safari ya mihuri inayofuata. Uganda haimo kwenye ule mkataba wa apostili, ambao muhuri mmoja unakubalika nchi zote wanachama, wenzetu Burundi na Rwanda wameshaingia. Sisi bado. Kwa hiyo karatasi ya wifi ilitoka korti ikaenda ofisi ya katibu wa jimbo pale Boston kuthibitisha saini ya korti, ikaenda Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kuthibitisha saini ya jimbo, hapo ni dola 20 kwa kila karatasi, halafu ubalozi wa Uganda Washington, ndo ikaja. Karatasi moja imesafiri kama bibi anayeaga ukoo, kila nyumba lazima aingie. Anzeni hiyo mapema, miezi kabla ya harusi, msikodi ukumbi kwanza. Na omba cheti kipya chenye saini ya hivi karibuni, usitume ile kopi iliyokaa kabatini miaka kumi.

Kila jimbo kule lina yake lakini, usidhani ya Massachusetts ndo ya Marekani nzima. Binti wa jirani yangu aliachikia Texas, kule jimbo lenyewe linakupa barua tu ya kuthibitisha kwamba talaka ipo, kuanzia za 1968, karatasi yenyewe ya hukumu unaipata kwa karani wa korti za wilaya kwenye kaunti. New York nako faili la talaka limefungwa, anayeruhusiwa ni wahusika na mawakili wao, ila jimbo linatoa cheti kwa talaka za kuanzia 1963. Kwa hiyo kabla ya yote uliza jimbo, halafu kaunti, halafu mwaka, hayo matatu ukiwa nayo umeshafika nusu ya njia.

Zile tovuti sasa. Wifi kabla hajaniambia mimi alishalipa moja, sitaitaja. Ukiandika kwenye simu "rekodi za talaka" na jina la kaunti, za kwanza kutokea zinafanana kabisa na za serikali, zina nembo ya tai na mizani, zinakuzungusha dakika nyingi na mstari unaojaa zikisema tunatafuta, tumepata, weka kadi. Alichopata ni ukurasa wa anwani zake za zamani na majina ya ndugu, na kadi ikaendelea kukatwa kila mwezi mpaka akapiga simu benki. Karatasi yenye muhuri wa korti inatoka korti peke yake, tovuti ya kibinafsi haina muhuri wa kukupa. Angalia mwisho wa anwani, za serikali ya Marekani nyingi zinaishia na gov.

Kwa walio na kesi za hivi karibuni hapa Uganda, za baada ya mfumo mpya, wakili wako anaweza kuiona kwenye ECCMIS kwa korti zilizounganishwa na hutahitaji kitabu chekundu. Na kama kesi ilisikilizwa Hai Korti angalia kwanza ULII, tovuti ya hukumu na sheria za Uganda, ni bure, hukumu nyingi ziko huko na utapata namba ya kesi umekaa nyumbani, ingawa hiyo ya mtandaoni haina muhuri, ni ya kukusaidia kutafuta tu.

Ombeni kopi mbili zenye muhuri, zote kwa wakati mmoja kwa PRN moja mkiweza, moja ya msajili wa ndoa na moja ya nyumbani, maana ubalozi nao siku ya viza watauliza hiyohiyo. Karatasi za kaka na wifi zimepokelewa zote mbili, tangazo lao la ndoa limebandikwa, wanasubiri siku 21 za tangazo ziishe. Yule mama karani nilimpelekea kitenge, akakataa kukipokea ofisini, akaniambia nimpelekee wifi yangu mpya. Mkija kumtafuta yuko zaidi asubuhi, mchana anaingia kortini na majistreti.